Glasi za Alhamisi za Mama Eudocia

Kumbukumbu ya Mama Eudocia Begazo Linares, aliyetutoka tarehe 3 Novemba mwaka jana, Arequipa

Mwaka umetimia leo, mama, tangu ulipofumba macho, siku moja tu baada ya roho za marehemu, zinazotutembelea kila Novemba mosi, kurudi zilikotoka. Majirani walisema umekosa msafara kwa sababu ulikuwa unamalizia kuosha vyungu. Tulicheka msibani, utusamehe, maana kweli ndivyo ulivyokuwa.

Miaka arobaini na mmoja uliendesha pikanteria yetu, mgahawa wa vyakula vya pilipili, na mtaa haukukosa supu yake hata siku moja: Jumatatu chaque, Jumanne chairo, Ijumaa ile isiyo na nyama, Jumapili mchuzi mweupe. Mgeni akiomba supu ya Jumanne siku ya Jumatatu, ulimtazama kana kwamba amekutukania ukoo. Pilipili ulizisaga kwa jiwe. Mashine ya umeme aliyokuletea mwanao Abelardo uliipokea kwa shukrani nyingi, ukaitia kabatini, ikafia humo. Aliyeomba nyongeza alipewa, na asiyeomba alipewa pia, huku ukimsema: "Kula, baba, umekonda kama ng'onda!"

Wewe mwenyewe ulikula saa ngapi? Hilo ndilo lililomtesa binti yako Nélida mwaka huu.

Kwa kuwa uliondoka roho zilipokwisha kwenda, meza yako ya kwanza ya kukukaribisha ilikuwa ya juzi, Novemba mosi. Taratibu unazijua mwenyewe. Saa sita mchana roho inafika na njaa ya safari, na inataka kukuta kile ilichokipenda. Ikikikosa, inarudi na njaa yake. Nélida alikaa jikoni na karatasi mbele yake ili aandike vya kupika. Yeye aliyesimama ubavuni pako miaka ishirini hakujua aandike nini.

"Weka kamba wa mtoni," kaka yake Abelardo akasema. "Mama alikuwa anawapenda sana."

"Wewe ndiye unayewapenda. Mama alikuwa anakumenyea."

Milagros, binti wa Nélida, akataja pilipili rokoto ya kujazwa nyama, ambayo ndiyo anayoililia yeye kila Jumapili. Mzee Celestino, mteja wako wa meza ya mlangoni, akaapa kwamba ni simbilisi wa kukaanga.

"Ulimwona akimla?" Nélida akauliza.

Mzee akashusha kijiko. "Nilimwona akiniletea."

Nélida alilia, mama, na hakujificha. Sote tulikuona ukionja, kijiko kimoja, umesimama, kisha unaongeza chumvi. Hakuna aliyewahi kukuona umekaa ukala ukamaliza. Umelisha mtaa mzima, na sisi wa nyumbani hatujui cha kukupa wewe.

Alipokwenda sokoni kununua ile mikate ya meza ya marehemu, yenye umbo la watoto na nyuso za kuchorwa, alimpitia somo yako Ubaldina, anayeuza jibini ya barafu. Jibini jina tu. Ni maziwa yaliyogandishwa kwa nazi na mdalasini, kitu ambacho wewe ulitukataza tangu utotoni, ukisema kinaua kifua.

"Shangazi, nimeshindwa," Nélida akamwambia. "Sijui mama alipenda nini."

Ubaldina akaacha kuzungusha debe lake ndani ya pipa la barafu na chumvi. "Hujui? Wee Nélida! Kila Alhamisi saa kumi alikuwa hapa. Glasi mbili. Anavua viatu, anakalia hicho kigoda, miguu juu ya ndoo. Nikimsemesha ananiambia, 'Nyamaza, Ubaldina, ninakula.'"

"Lakini Alhamisi alikuwa anakwenda kunoa visu!"

"Miaka kumi na tisa anakwenda kunoa visu? Haya, na visu vyenu vilikuwa vinakata?"

"Hata nyanya havikukata."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Halafu Nélida akakikalia kile kigoda, na hamu ya kukuona ikamshika vibaya. Alimwonea Ubaldina wivu. Angetoa pikanteria nzima pamoja na jiwe lake la kusagia, apate Alhamisi moja tu ya kukaa karibu nawe bila kusema neno.

Juzi meza ilijaa kila kitu, maana hatukuthubutu kupunguza. Lakini mbele ya picha yako tuliacha nafasi ya glasi. Ubaldina alituazima debe na pipa lake, na Nélida akaviweka uani, karibu na mlango.

"Barafu kwa marehemu?" Abelardo akaguna. "Na jua hili? Itayeyuka kabla hajavuka kizingiti."

"Ikiyeyuka nitampa nyingine."

Ndivyo alivyofanya. Kengele za saa sita zilipolia aliweka glasi ya kwanza. Ilipoyeyuka akaimwaga ardhini, akaweka ya pili. Majirani waliingia, wakakuombea, wakapewa sahani zao, wakaenda zao, naye bado anazungusha. Kufika saa kumi viganja vilikuwa vimechubuka kwa chumvi na baridi.

"Pumzika, binti," Mzee Celestino akamwambia. "Utazungusha mpaka saa ngapi?"

"Mpaka ashibe."

Abelardo alikunja mikono ya shati, akashika upande wa pili.

Jana mchana tulikusindikiza urudi ulikotoka, kisha tukaanza kukunja kitambaa cheusi cha meza. Milagros alikuwa akimtazama mama yake, ambaye alikuwa amesimama jikoni akikwangua ukoko wa sufuria na kuutia kinywani.

"Mama," akamwuliza, "na wewe unapenda chakula gani?"

Nélida alifungua kinywa kujibu. Akafikiri. Akaitazama sufuria, akatutazama sisi.

Milagros akavuta kiti. "Basi kaa hapa," akasema. "Nitakupakulia kimoja kimoja, na wewe uniambie."

Nélida akakaa, mama.

Tusamehe sisi kwa kutokuuliza ulipokuwapo.

Wanaokukumbuka ni wanao Nélida na Abelardo, mkweo Rufina mke wa Abelardo, mjukuu wako Milagros, somo yako Ubaldina, Mzee Celestino wa meza ya mlangoni, na mtaa mzima uliokula kwa mkono wako.

Maadamu tungali hai, hutatutoka moyoni.