Nimejaza Fomu Bila Udaktari

Somo yangu Mwajuma,

Sasa darasani nimebaki Mwajuma peke yangu. Zamani walimu walilazimika kusema Mwajuma wa Mloka au Mwajuma wa Mbwera. Siku hizi wanaita mara moja tu, nami nageuka kutazama kiti chako kabla sijaitika. Kiti amepewa msichana aliyehamia kutoka Ikwiriri. Ni mpole. Nilijaribu kumchukia, nikashindwa.

Hapa Kibiti mambo yanabadilika. Pale stendi wamebandika matangazo ya shule za kulipia, na sweta za mitumba zimejaa mpaka mwalimu wa zamu amechoka kuturudisha bwenini kwa sababu ya rangi. Baba amesema shule za kulipia tuwaachie wenye maduka. Kwa hiyo mimi ni serikali inichague, au nirudi Mbwera kwenye mpunga.

Ndiyo maana nakuandikia. Fomu za machaguo ya kidato cha tano na vyuo zimekuja.

Unakumbuka tulivyopanga? Machaguo yote matatu tuandike Fizikia, Kemia na Baiolojia, tena katika zile shule kubwa za wasichana za bara. Tuwe madaktari, turudi Rufiji. "Tukijaza kingine tumejitilia mkosi," ulisema. Wewe uliweza kusema hivyo. Ulikuwa unamaliza hesabu huku unatafuna muhogo, mimi bado natafuta rula. Nilikufuata tu, maana ukisema jambo lilionekana kama limeshatokea.

Katika mtihani wa majaribio nimepata D ya Fizikia na D ya Kemia. Baiolojia C. Kiswahili A, Historia na Kiingereza B. Mwalimu wa taaluma alipogawa fomu akatutazama na kusema, "Kila mwaka wapo wanaojaza ndoto tupu, kisha nawakuta stendi wananiuzia mayai." Darasa likacheka, lakini sote tulijua anamsema Shabani aliyemaliza mwaka jana. Alipata daraja la pili safi, hakuchaguliwa popote. Machaguo yake yote yalikuwa shule zinazogombewa na wenye daraja la kwanza.

Nilisikia yote hayo. Hata hivyo nikachukua penseli nikaandika vile vile tulivyopanga. Niliona nikibadilisha nitakuwa nimekuzika mara ya pili. Tena kulikuwa na mama yako. Siku ya mazishi alinishika mkono akawaambia watu, "Udaktari haujafa, bado ninaye Mwajuma huyu." Ningemwambia nini?

Basi nikaja Mloka kwenye arobaini yako, fomu nimeiacha bwenini na penseli yake. Kisomo kilipokwisha, wanawake tukawa nyuma ya nyumba tunapakua wali. Mama yako akasema tena yale yale, "Huyu ndiye daktari wangu."

Unamjua Bi Kidawa, mtani wenu. Alikuwa kavaa koti la mwanamume na kofia ya marehemu babu yako, mwiko begani kama bunduki. Mtani haogopi msiba wa mtu. Akaja akanizunguka, akanitazama kama kuku wa mnadani.

"Daktari? Huyu aliyezimia kwa chura?"

Kumbe uliwasimulia wote! Ile siku tulipopasua chura maabara, ukanimwagia maji, ukaapa kwamba siri itabaki kwetu. Somo yangu, wewe!

"Mwenye hesabu kaondoka nazo," Bi Kidawa akaendelea, "katuachia huyu wa mashairi. Wagonjwa wa Rufiji mtakoma! Mtu kavunjika mguu, anasomewa beti!"

Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama yako naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Mimi nilicheka na kulia pamoja, sijui kipi kilitangulia. Neno ambalo nilikuwa sithubutu kulisema lilikuwa limeshasemwa mbele ya watu, na mbingu haikuanguka.

Wakati wa kuosha masufuria nikamsogelea mama yako. Nikamwambia, "Mama, Bi Kidawa hakutania. Sayansi siiwezi. Nikijaza sayansi sitachaguliwa." Sauti yangu ilikuwa ndogo, unaijua. Alisugua sufuria moja kwa muda mrefu, hata lilipokuwa limeshatakata. Kisha akasema bila kuniangalia, "Jaza unachokiweza, mwanangu. Mmoja nimeshamzika. Sitaki wa pili apotee kwa ajili yangu."

Niliporudi nilifuta penseli. Nikaenda ofisini mwenyewe, mimi ambaye nikiitwa ubaoni natetemeka, nikamuuliza mwalimu wa taaluma nafasi zangu zikoje. Tulikaa tukapima. Chaguo la kwanza nimeweka Historia, Kiswahili na Kiingereza kwenye ile shule ya bara uliyokuwa unaiota. Pale watanichukua nikipata daraja la kwanza, na naweza kulikosa kwa pointi chache. La pili ni mchepuo huo huo, katika shule ya hapa mkoani ambayo daraja la pili linatosha. Hiyo naiamini kama sitaugua. La tatu ni chuo cha ualimu, cha kunipokea hata mambo yakiniharibikia. Kuna wakati hofu ilinishika nikataka kujaza vyuo vitupu. Nikakusikia unanisonya, nikaiacha ile shule ya juu mahali pake.

Jana nimeandika kwa wino, nimekabidhi. Usiku nililala vizuri.

Bado kuna saa nakukasirikia. Ungekuwepo ungejaza sayansi mara tatu, ungechaguliwa, na mimi ningekusindikiza mpaka mlangoni mwa basi. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko fomu.

Kwaheri, somo yangu. Mola akupe raha huko uliko. Mimi nakuahidi jambo moja ninaloliweza: majibu yakitoka, mema au mabaya, sitaanzia Mbwera. Nitapanda gari la Mloka kwanza, nimsomee mama yako nilikochaguliwa, kabla mama yangu mzazi hajajua.

Mwajuma wa Mbwera