Mama, Usifungue

Dada Emérence,

Huku ukimbizini Kisenyi tuko. Princesse wangu ameota meno mawili, na mvua imelowesha makaa yetu yote. Kazi ni ileile: kwenye kibanda cha video nashika maikrofoni, natafsiri filamu kwa Kiswahili. Wakongo wenzetu wanapenda zile za kutisha za miaka ya tisini, tulizokuwa tukiangalia pamoja kwa mjomba. Nawadanganya kidogo. Mtu akiuawa, nasema amezimia tu, nao wanacheka.

Ujumbe wako wa sauti niliusikia. Jirani yenu aligongewa mlango jioni, akachukuliwa na watu wenye bunduki, na wewe huondoki Bukavu kwa sababu Mama hawezi kutembea. Tangu hapo simu yako haipatikani, ndiyo maana nampa dereva barua hii.

Jana, kwenye filamu moja tunayoirudia mara nyingi, mlango wa mwanamke mmoja uligongwa. Hapo huwa nampigia kelele, "Mama, usifungue!" Jana nilishusha maikrofoni. Watu wakaniambia, "Dady, tafsiri!" Mwanamke akainuka, akafungua, kama anavyofungua kila mara. Hata kusema amezimia sikuweza.

Wakigonga, dada, usifungue.

Mdogo wako aliye mbali,
Dady