Barua Isiyo na Tarehe

Alhamisi, 1 Oktoba 1936
Wakili wa Orville Tackett ameomba kesi ihamishiwe kaunti nyingine. Ana haki! Wale raia kumi na wawili watakaoamua kama ana hatia — tisa wanakula mshahara wa mgodi. Mlinzi wa mgodi aliuawa kwenye mgomo na mgodi unataka mtu, yeyote. Akihukumiwa hapa kwetu, Tackett ni kiti cha umeme tu. Nimesema nitatoa uamuzi Jumatano.

Ijumaa, 2 Oktoba
Kessler, mwenyekiti wa chama chetu cha siasa, hajaniambia kitu. Hilo ndilo linalonitisha. Barua yangu anayo yeye. Hapa hakuna anayegombea ujaji bila kumwachia barua ya kujiuzulu — saini ipo, tarehe ataijaza yeye siku akikuchoka. Miaka minne iliyopita nilitia saini huku nacheka. Nilidhani ni desturi tu, kama kushika Biblia. Mjinga mimi!

Jumatatu, 5 Oktoba
Kwa kinyozi. Kessler kiti cha pili, povu hadi masikioni. Eti nasikia unataka kumtembeza yule muuaji kaunti nyingine, bwana jaji? Nikasema bado hajawa muuaji, sheria ni sheria.
“Sheria chukua wewe, Wendell. Kiti nilikukopesha.”
Kinyozi akacheka mpaka wembe ukatikisika. Nimetoka na shavu moja limenyolewa, jingine bado. Mji mzima umeniona.

Jumanne, 6 Oktoba
Lorena kaniuliza, ukifukuzwa, mume wangu, tutachemsha vitabu vyako vya sheria? Akasema mke wa Tackett alikuja mlango wa nyuma kuomba nguo za kufua, naye akashindwa kumtazama usoni.
Naogopa. Acha niandike hivyohivyo: naogopa umaskini kuliko aibu. Nimebanwa huku na huku. Lakini amri ikishasomwa na kupigwa muhuri, Kessler anitoe saa hiyohiyo, amechelewa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumatano, 7 Oktoba
Saa tatu asubuhi nimeisoma amri. Kesi inahama! Nimeisoma yote. Verna, karani wangu, kagonga muhuri kwa nguvu hadi wino ukaruka. Tackett amelia kama mtoto. Kessler hakuwepo. Nikafurahi — mara ya kwanza tangu nikalie kiti kile.

Saa tano, telegramu. Gavana amepokea kujiuzulu kwangu, kuanzia jana, Jumanne.
Jana! Ndiyo tarehe Kessler aliyoijaza.
Kwa hiyo leo saa tatu hapakuwa na jaji. Palikuwa na mtu kavaa joho. Amri si amri. Tackett anabaki hapahapa, na Kessler ataleta jaji wake.
Verna kaisoma mara mbili. Ananong'ona, “Mzee, sasa hii amri niiweke wapi?” Sina hata haki ya kumjibu.

Mtu anabisha hodi. Ni mke wa Tackett, namsikia akimwambia askari wa mlangoni kwamba kaleta pai, ya kumshukuru jaji, dakika moja tu. Askari anacheka naye, anamwambia pita, mama, yumo ndani. Verna kasimama, ananitazama mimi, anatazama mlango. Mlango unafunguka, naweka kalamu chini.