Nimesokota makumbi ya jirani, na sasa ananishukuru

Mpendwa mshauri Bi Asya, naomba msaada wako, na nakuomba pia usome mpaka mwisho kabla hujacheka, kwa sababu mimi mwenyewe kila nikifika kwenye habari ya kandambili nacheka peke yangu mpaka bibi ananiuliza kutoka barazani kama nasoma au nimepagawa.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, naishi Kengeja na bibi yangu, na watu wakinielezea husema "yule wa vitabu, asiyesema," na ni kweli, mtu akinitazama usoni maneno yote niliyoyapanga hutawanyika. Likizo hii magoti yalimkatalia bibi kwenda pwani, akaniambia niende mimi na kina mama wenzake nikafukue makumbi yake, maana huku kwetu makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope la pwani yakalala miezi mpaka yalainike, kisha hufukuliwa maji yakitoka, yakapigwa kwa gongo mpaka ubaki usumba mtupu, na usumba ndio unaosokotwa kamba. "Fungu letu utaliona," bibi aliniambia, "lina kijiti na kandambili ya buluu." Nikaenda, nikaiona kandambili ya buluu, nikafukua, nikakirudisha kijiti na kandambili yake pale pale, maana mahali hubaki pa mwenyewe hata shimo likiwa tupu.

Bi Asya, sijui nikueleze vipi furaha niliyoipata. Siku ya kwanza nililipiga kumbi kwa nguvu zangu zote, tope likamrukia Bi Jaribu usoni, naye ndiye mwenye ulimi kuliko wote pale, nikabaki na gongo hewani nikisubiri matusi, naye akajipangusa kwa kanga akasema, "Jamani, leo nimekoga mara mbili! We mtoto wa skuli, kumbi limekukosea nini?" Nikajibu bila ya kufikiri, "Limekataa kusoma," na kina mama wote wakaangua kicheko, na Bi Jaribu akapiga makofi, "Kumbe sauti anayo! Mie nilidhani bubu masikini, nilikuwa namwombea dua."

Tangu siku ile nikawa naamka kabla ya kuamshwa, nanuka tope mpaka paka wa nyumbani ananikimbia, viganja vimetoka malengelenge na mimi nayatazama kama mtu aliyevishwa pete, na nikajifunza kusokota, unashika vitita viwili vya usumba unavisugua baina ya viganja, kila kimoja kinajipinda peke yake kisha vyote viwili vinakumbatiana, unaongeza usumba, unasugua, unaongeza, na kamba inakua mbele ya magoti yako kama kitu kilicho hai, na wakati huo Bi Jaribu anawasema waume wa watu na mimi nacheka kwa sauti, mimi huyu. Kamba yangu ilitoka nyembamba na sawasawa, kina mama wakapokezana kuivuta, mmoja akaing'ata, ikawa ndiyo habari ya mji.

Hapo akarudi Bi Masika, jirani yetu, aliyekuwa Wete, Jadida, kwa wakwe watarajiwa, kwani binti yake Ummkulthum anaolewa, naye amenuia kumpa kitanda cha kamba kilichowambwa na kina mama wenzake, ila makumbi yake alikuwa hajayafukua bado. Akaishika kamba yangu, akaipitisha vidoleni, akamgeukia bibi. "Nipe hii niwambe kitanda cha mwanangu. Bamvua likiingia, maji yakitoka mbali, nafukua fungu langu lote, nakuletea mwenyewe mlangoni." Bibi akaniuliza, nikasema achukue, na Bi Masika akanibusu kichwani mbele ya watu. Alasiri yake akaja na gongo la mkwaju lililokuwa la marehemu mama yake, mpini umebonyea pale vidole vinapokaa. "Hili hata Ummkulthum sikumpa, makumbi hayataki. Mtoto mwenye mkono wa kutoa kama wewe ndiye wa kulishika. Na siku ya kuwamba kitanda utakaa upande wa kichwani, pamoja na mimi."

Nilikuwa sitembei, nilikuwa napaa. Alipoondoka, bibi akawa analipaka gongo mafuta huku anacheka. "Mie na Masika tumetoka mbali. Hata zile kandambili za buluu, ilipokatika moja tuligawana pea, ya kulia nikaweka fungu langu, ya kushoto akaweka lake, hatua chache tu."

Nikamuuliza, "Ya kulia, bibi?"

"Ya kulia."

Bi Asya, niliyoing'oa mimi ilikuwa ya kushoto, nakumbuka vizuri kwa sababu niliivaa kwa mchezo mguu wa kulia na kidole gumba kikakosa pa kukaa.

Kwa hiyo kamba ile ni makumbi ya Bi Masika tokea mwanzo, naye ameiazima kamba yake mwenyewe na ananishukuru kwa kumwazima, tena makumbi anayotaka kumlipa bibi ni ya bibi, bado yamelala chini ya kandambili ya kulia! Nimelitazama jambo hili kama hesabu ya skuli na kila nikilipiga linatoka sawa, kamba imekwenda kwa mwenyewe, makumbi yatakwenda kwa mwenyewe, hakuna aliyepungukiwa. Taabu ni kwamba bamvua ni wiki ijayo, na Bi Masika akifika kwenye kandambili yake atakuta shimo, atasema ameibiwa, na fungu linalopakana na lake ni la Bi Jaribu, na hao wawili walikwisha kugombana mwaka jana juu ya mpaka. Jana nilikwenda peke yangu kuzibadilisha zile kandambili, ili afukue fungu la bibi bila ya kujua, nikazing'oa zote mbili, nikasimama nazo mkononi, halafu nikazirudisha kila moja mahali pake nikakimbia.

Naomba uniambie, ikiwa hesabu imetoka sawa, ni lazima niseme? Na nikisema akalichukua gongo lake, akanitoa kwenye kuwamba kitanda, na kina mama wakaninyamazia, nitafanya nini? Nimekuwa mtu wa kucheka wiki chache tu. Sitaki kurudi kuwa yule asiyesema.

Ni mimi,
Msokotaji Mpya, Kengeja

JIBU

Mwanangu wa Kengeja,

Nilijitahidi nisicheke mapema kama ulivyoniomba, nikashindwa pale kumbi lilipokataa kusoma. Haya, nimekwisha kucheka. Nisikilize.

Hukuiba. Watu wazima wawili wanagawana pea moja ya kandambili, wanazisimika karibu karibu, kisha mmoja anamtuma mtoto bila ya kumwambia mguu gani. Bibi yako ana fungu lake katika kosa hili, na mwambie nimesema mimi. Lakini tokea alipotamka "ya kulia" nawe usimwambie, kimya hicho ni chako peke yako. Na ile safari ya kwenda kuzing'oa kandambili, hapo mwanangu ulinikasirisha. Umezirudisha, vizuri. Usizisogelee tena.

Hesabu yako ni sahihi, mwalimu yeyote angekupa alama zote. Lakini umehesabu makumbi tu. Bi Masika amekushukuru kwa mambo mawili. Moja ni kusokota vizuri, na hilo ni lako; malengelenge yalitoka kwenye viganja vyako, hakuna atakayekunyang'anya. La pili ni mkono wa kutoa, na hilo hukulifanya, kwa sababu hukumpa kitu. Gongo la marehemu mama yake lilikuja kwa lipi katika hayo mawili? Wewe hujui, na mimi sijui. Anayejua ni yeye, naye hawezi kuamua juu ya jambo ambalo hajaambiwa.

Atalichukua? Huenda. Siwezi kukuahidi chochote. Lakini hebu jiweke pale pwani na gongo hilo mkononi, Bi Masika kakaa mbele yako, na kila akifungua kinywa wewe unawaza leo atauliza. Utacheka vipi? Unaogopa kurudi kuwa yule asiyesema, na njia ya kurudi huko ndiyo hii unayoichungulia.

Tena kuna jambo zito kuliko gongo. Shimo likikutwa tupu kabla hujasema, atatajwa mtu, na umeniambia mwenyewe atakuwa nani. Bi Jaribu, aliyepigwa tope la uso akakupa mzaha badala ya kofi, asimamishwe mbele ya wenzake aitwe mwizi? Kina mama wakishatiliana shaka juu ya mafungu yao, kikao kile hakikaliki tena, na hapo utakuwa na gongo zuri na huna pa kupigia.

Sasa fanya hivi. Mwambie bibi yako leo. Akigomba, mwache agombe, akimaliza atacheka. Kisha nenda kwa Bi Masika nyumbani kwake, usimngoje pwani penye watu. Nenda wakati anapika, macho yake yatakuwa kwenye chungu, hayatakuwa usoni kwako. Omba kazi: mchele wa kuchagua, nazi ya kukuna, chochote. Nimekusoma vizuri mimi, maneno yako hutoka mikono ikiwa inafanya kazi. Sema, "Bi Masika, kamba ile ni yako tokea mwanzo, nilikosea fungu." Hapo nyamaza. Usimwekee utangulizi na usilie. Gongo liwe pale karibu nawe, usimsukumie na usilifiche nyuma ya mgongo. Akilitaka, mpe kwa mikono miwili. Na bamvua likiingia, ufukuaji wa makumbi ya bibi yako ni kazi yako, si ya Bi Masika, hata akikubembeleza.

La mwisho. Majina yote nimeyabadilisha, na la mji wenu pia, lakini kandambili nimeziacha, maana bila ya hizo barua haieleweki, na huko kwenu hakuna atakayezisoma asijue ni za nani. Ndiyo maana jibu hili nakutumia kwanza kwa namba uliyoiandika nyuma ya bahasha. Gazeti linatoka Jumamosi. Nataka Bi Jaribu wenu alisome kwa sauti mbele ya wote, na Bi Masika acheke kabla yake, kwa sababu amekwisha kuyasikia kwa kinywa chako.

Iweke simu chini, vaa buibui lako, nenda.

Bi Asya