Tarehe ya Zainabu

Mgori, Jumatano

Eti msomi! Daktari wa utafiti wa kisukari kakataa kumwandika Zainabu, binti aliyekonda kama ufito, ambaye mkojo wake nimeupima mwenyewe hapa zahanati nikaukuta umejaa sukari. Kisa, mama yake hajui tarehe aliyomzaa.

"Mwaka wa njaa, wakati wa kupalilia," mama alimwambia.

"Hiyo si tarehe," akajibu, akafunga daftari. Na asiyeandikwa hapati insulini. Mpumbavu mwenye tai!

Nikamvuta mama pembeni, kisha nikarudi na siku, mwezi na mwaka. Bwana mkubwa akaandika huku anatabasamu.

Akidai cheti cha kuzaliwa nimekwisha. Na adai.

Tarehe ile ni ya kuzaliwa marehemu mwanangu. Sikuwa na nyingine ninayoikumbuka bila kusita.