Majirani Wasije Alfajiri

Mahlet mdogo wangu,

Mchuzi wa shiro uko jikoni, upashe moto tu. Mama anywe dawa akishakula.

Kisha waambie majirani wasije kesho. Nimeshajua.

Mimi na mdomo wangu! Tunakunywa kahawa, nawasimulia ile riwaya niliyoisoma kwenye ndege kutoka Beirut, nacheka: "Dada gani huyu mjinga, kaka yake afe, mwaka mzima asijue?" Hamkucheka. Mama akamimina kahawa nje ya kikombe, akaendelea kumimina. Nikakuuliza kaka yetu Yared yuko wapi hasa. Ukasema, "Dada, majirani watakuja kesho alfajiri." Kwetu majirani hawaji alfajiri kwa habari nyingine ila ya msiba.

Silii. Nimeosha vikombe, nimefuta zulia.

Nimekwenda kanisani kumuuliza padri kaburi la kaka yangu liko wapi. Msinifuate. (Huo mstari nimeukata. Mama aje, aniletee shela nyeusi.)

Akiuliza riwaya inaishaje, mwambie yule dada anawasamehe wote waliomficha. Ila yeye alikuwa na kurasa mia tatu za kufika huko. Mimi nimeanza leo.

Dada yako