Migomba Miwili Mlangoni Kwetu

Mama Editha wangu,

Sijui kama huko uliko watu hupokea barua. Nakuandikia hivyo hivyo, na wala siifungi. Anayetaka kusoma asome. Hapa Bugomora wameshasema ya kwao juu yangu, acha na mimi niseme langu.

Nianze na lililo zito. Ugonjwa uliokuondoa wewe sasa uko kwangu. Sikumwambia mtu. Shati nalifunga mpaka kifungo cha shingoni hata nikiwa napalilia kahawa, wanetu wanadhani baba yao kawa mtanashati uzeeni. Nilichotaka ni kimoja tu: waione Krismasi nyumbani kwao, na wajue kuipamba nyumba wenyewe, bila wewe na bila mimi. Ya mwakani sina hakika nayo.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikutania? Kila Desemba nilikuta meza imejaa vipande vya karatasi, na wewe umejipaka gundi ya unga wa muhogo mpaka kwenye nyusi. "Mwanamke, karatasi haziliwi," nikakuambia. Ukanijibu bila hata kunitazama, "Na shati lako haliliwi, mbona unalipiga pasi?" Nilicheka sana. Siku hizi hakuna wa kunijibu namna hiyo, na nyumba imepoa hadi inatisha.

Basi mwaka huu kazi ikaniangukia mimi. Mungu wangu, kumbe si mchezo! Editha ndiye alikuwa fundi, mimi kibarua wake. Tulichota udongo mweupe bondeni, tukaukoroga, tukapaka kuta kwa tambara. Tukatandaza nyasi mbichi sakafuni. Halafu akachukua daftari zake zilizokwisha, akakata kurasa vipande virefu vyembamba, akavichovya kwenye rangi ile yako ya mikeka. Vilipokauka akaviunganisha, pete ndani ya pete, mpaka mnyororo ukatoka mlangoni ukafika dirishani. Gundi ya muhogo ikiwa nyepesi haishiki, hilo nilijifunza mnyororo uliponiangukia kichwani na mdogo wake Koku akacheka. Mama Editha, Koku alikuwa hajacheka tangu tukuzike. Nikakoroga nyingine nyepesi makusudi.

Tatizo likawa pamba. Editha alitaka ya kuweka kwenye tawi la mti wa Krismasi, tulilolisimamisha ndani ya debe la udongo kama ulivyozoea. Pamba iliyokuwamo nyumbani ni ile iliyobaki ya kukusafishia vidonda. Nilisimama nayo mkononi, sijui niitupe au nimpe. "Baba, hii ni safi, haikutumika," akaniambia, akaichukua akaanza kuinyofoa taratibu. Mtoto yule amekua kabla ya wakati wake, na inaniuma sana.

Mwisho nikakata migomba miwili, nikaisimamisha mlangoni, mmoja huku, mmoja huku, kama wanavyofanya majirani wote Krismasi na harusini. Hapo ndipo nilipovuruga. Majirani hawana matanga. Waliopita kwenda gulioni waliona migomba imesimama kwa mgane ambaye bado hajaanua matanga ya mkewe, wakajua wanachokijua wao: huyu kaoa. Habari zikafika Songambele kwa mama yako kabla majani hayajanyauka.

Alikuja mchana wa mkesha, kwa miguu, na fimbo yake. Shikamoo yangu hakuiitikia.

"Mwanangu hata udongo wake haujakauka, wewe unasimamisha migomba? Yuko wapi huyo mwanamke?"

"Hakuna mwanamke, mama. Ni Krismasi ya watoto."

"Ingengoja matanga yaishe. Kwani mwakani hakuna Krismasi?"

Akaung'oa mgomba mmoja, akauangusha chini. Akawaambia watoto wafunge nguo zao, wanaondoka naye. Koku akajificha nyuma yangu, kang'ang'ania suruali yangu.

Wewe unajua sisi na wakwe zetu. Miaka yote ile sikuwahi hata kula mbele ya mama yako. Lakini siku hiyo nilifungua shati mbele yake, mchana kweupe, na aibu yangu yote. Malengelenge ya mkanda wa jeshi yamenizunguka kutoka mgongoni hadi kifuani, na hapa kwetu hakuna mtu mzima asiyejua maana yake.

"Mama, mwakani Krismasi ipo," nikamwambia. "Mimi ndiye sipo."

"Mawe!" akasema kwa sauti ndogo, kwa kilugha chetu, kama anayemwita mama yake. "Na wewe?"

Akageuza uso pembeni nipate kufunga vifungo. Kisha akauinua ule mgomba mwenyewe, akaurudisha kwenye shimo lake, akaushindilia udongo kwa kisigino. Nilitaka kumsaidia, akanikataza kwa mkono.

Akaingia ndani, akaketi mkekani, akautazama ule mnyororo wa karatasi. Halafu akamwita Editha: "Njoo hapa. Nionyeshe mama yenu alivyokuwa anafanya, nijue."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, nikuambie ukweli. Niliporudi nilimkuta mama yako na mkasi, karatasi zimemkunjamana, na Koku amemsimamia, mikono kiunoni: "Siyo hivyo, Bibi! Unaharibu! Anza tena." Na mama yako, ambaye hakuna mtu Songambele nzima anayethubutu kumkosoa, akaanza tena.

Naogopa, mke wangu. Kufa siogopi sana kama ninavyoogopa kuwaacha hawa. Kwa hiyo lala salama, na usininunie nikichelewa. Nakupenda, lakini sina haraka ya kukufuata.

Mimi mumeo,
Baba Editha